Mwenza au Mpinzani? Maoni juu ya Istilahi "Mchezaji wa Kompyuta"

Miongoni mwa istilahi zinazohitaji kuchunguzwa upya ni "mchezaji wa kompyuta", ambayo baadhi ya wafasiri huitumia kumtaja mchezaji asiyeongozwa na mtu katika michezo ya kompyuta, iwe ya kandanda au ya mpira wa magongo. Katika makala haya mafupi nakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro yenyewe haiishii mchezoni.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Katika kandanda ya kompyuta, kwa kawaida mtu huongoza mchezaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Wengine kumi wa timu yake huongozwa na programu. Katika kibanda kimoja cha michezo hiyo huko Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, nilijionea jinsi hao kumi wanavyoudhi. Mshambuliaji husimama ilhali nafasi iko wazi mbele yake. Beki huacha lango akamfuata mtu asiye na mpira. Pasi nzuri humpita mtu asiyenyoosha hata mguu. Kijana mmoja aliyefungwa alilalamika: "Nimecheza na kompyuta, kompyuta imeniangusha." Mgeni angedhani kwamba ameshindwa na kompyuta. Kumbe mshindani wake alikuwa rafikiye aliyeketi kando. Kompyuta aliyoilaumu ilikuwa ya upande wake mwenyewe.

Utata huu una vyanzo vitatu. Kwanza, "kucheza na": Simba ikicheza na Yanga, hao ni wapinzani, mtoto akicheza na nduguye, hao ni wenzi. Pili, "kuangusha" ni kumshinda adui, na pia ni kumtupa mkono anayekutegemea. Tatu, na hiki ndicho kikubwa, kihusishi "wa" hakielezi uhusiano uliokusudiwa. "Mchezaji wa kompyuta" aweza kuwa mtu achezaye kwa kompyuta, mpinzani, au mwenzi. Istilahi yenye maana tatu katika uwanja mmoja haijatimiza kazi yake.

Wapo watakaosema kwamba "akili mnemba" yatosha. La hasha. Istilahi hiyo hutaja ufundi uliomo katika programu. Haisemi mchezaji yuko upande gani.

Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria wanatupa funzo. Samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 huitwa sangara Tanzania, mbuta Kenya, na mputa Uganda. Majina ni mbalimbali, lakini hakuna hata moja linalomchanganya na sato, kwa kuwa waliyoyatumia walikuwa na haja ya kutofautisha kilichonaswa wavuni. Hapana budi mwundaji wa istilahi aanzie kwenye haja ya namna hiyo.

Kwa hiyo napendekeza "mwenza kompyuta" na "mpinzani kompyuta". Muundo wa nomino mbili zinazofuatana bila kihusishi si mgeni: tunao "askari kanzu" na "bwana shamba". Neno "mwenza" nalo limezoeleka katika "mgombea mwenza", na kila mpiga kura ajua kwamba huyo yuko upande mmoja na mgombea.

Pengine msomaji atauliza iwapo mambo ya vibandani yanastahili kurasa hizi. Na afikirie ofisi yake. Programu sasa huandika barua na kufasiri nyaraka kando ya mtumishi. Tukiiita "msaidizi wa kompyuta", jina hilo hilo litamfaa pia kijana anayetengeneza mashine. Siku barua itakapokosewa, taarifa itasema kwamba kosa ni la msaidizi wa kompyuta, na mtu asiye na hatia ataitwa kujieleza. Kijana wa Kirumba alipoteza mchezo tu. Mtumishi aweza kupoteza kazi.

Wasomaji wenye mapendekezo bora zaidi na wayalete, ili tuyapime pamoja.