Chuma Nyuma ya Kisogo

Gari lisilo na paa la chuma ni raha tupu hadi siku litakapolala kichwachini. Chukua Mazda MX-5, ambayo Wamarekani huiita Miata. Ilionyeshwa Chicago mnamo Februari 1989, na ilipofika Aprili 2016 kiwanda kilikuwa kimetoa gari la milioni moja. Toleo la kwanza halifiki tani moja kwa uzito, na kwa miaka mingi mtumba wake haukuwa ghali. Ndiyo maana utalikuta kwa wingi kwenye viwanja vya mbio vya Marekani na Uingereza siku zile ambapo uwanja hufunguliwa kwa watu wa kawaida: unalipa ada, unavaa helmeti, unaendesha kwa kasi unayoiweza bila trafiki wala matuta, na jioni unarudi nyumbani na gari lilelile. Jumatatu linakupeleka kazini. Lakini fremu ya kioo cha mbele haikuundwa ibebe gari lililopinduka, na nyuma ya viti hakuna zaidi ya turubai. Likipinduka, kichwa chako ndicho kinachobaki kuwa nguzo.

Hapo ndipo fundi wa upinde anapohitajika. Kazi yake ukiitazama kwa mbali ni ndogo: bomba moja la chuma lililopindwa likapita nyuma ya viti vyote viwili, miguu yake sakafuni, mabomba mawili ya kuliegemeza kutoka nyuma, na moja la mshazari katikati. Gerejini huitwa roli baa. Ukiliongezea mabomba ya mbele, ya paani na ya milangoni, linakuwa kizimba kamili, kama vile vilivyomo ndani ya magari ya rali. Nataka kumsifu mtu anayeunda kitu hiki, kwa sababu kazi yake ina ajabu yake. Mteja huilipia akiomba asiihitaji kamwe, hawezi kuijaribu bila kuliharibu gari, na sehemu zake muhimu kuliko zote hazionekani baada ya kukamilika.

Fundi mzuri haanzi na chuma. Anaanza na kichwa. Anakuketisha kwenye kiti chako mwenyewe, umevaa helmeti yako, mikanda imekazwa, kisha anachukua mti wa ufagio. Ncha moja anaiweka juu ya upinde, ya pili juu ya fremu ya kioo cha mbele, halafu anachungulia kutoka ubavuni. Helmeti ikigusa mti, au ikiukaribia, hakuna haja ya kuendelea: ama kiti kishushwe, ama utafutwe upinde mrefu zaidi. Viwanja vingi vya Marekani hutaka nafasi ya inchi 2, yaani sentimita 5, kati ya helmeti na mstari huo, kwa sababu mikanda hunyumbuka na mwili husogea kuelekea paani gari linapokuwa miguu juu. Kuna pinde zinazouzwa kwa urembo, zimeng'arishwa zikapendeza, ila kilele chake kiko chini ya masikio ya dereva. Hizo ni mapambo, na anayezinunua ajue ananunua mapambo.

Baada ya kimo, umbali. Mtu anayeendesha barabarani hana helmeti. Ukigongwa kwa nyuma kwenye foleni, kiti cha kawaida hulala nyuma, kisogo kikafuata, na bomba la chuma liko papo hapo. Kwa hiyo fundi huurudisha upinde nyuma kadiri gari linavyoruhusu, kisha huuvisha sponji ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye kibali cha SFI 45.1 au FIA 8857-2001. Asikuuzie ile laini ya kufunikia mabomba ya maji ya moto. Hiyo ukiibinya kwa vidole unafika kwenye chuma. Kichwa nacho kitafika.

Na hapa ndipo ninapompenda zaidi fundi anayejua kukataa. Kijana anakuja na gari la kumpeleka kazini na kumpeleka mtoto shule, anataka kizimba kamili kwa sababu amekiona kwenye rali. Kizimba kamili kina mabomba karibu na paji la uso na juu ya sikio. Dereva wa rali ana helmeti, ana kiti kinachomshika mbavu na mikanda inayombana asiyumbe. Mtu aliyefunga mkanda wa kawaida akielekea sokoni hana hata kimoja kati ya hivyo, na mabomba hayohayo yanaweza kuizuia mifuko ya hewa ya pembeni isifunguke inavyopaswa. Fundi mwaminifu atamwambia achague: ama upinde wa nyuma peke yake, ama gari liache barabara na kuwa la mbio moja kwa moja. Kwa kusema hivyo anajinyima pesa nyingi, na ushauri huo haumo kwenye risiti.

Sasa chuma chenyewe. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, hutaka upinde mkuu uwe wa bomba lisilo na mshono, la chuma cha kaboni kilichovutwa kikiwa baridi, lenye kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 na ukuta wa 2. Fundi chuma wa Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini asitumie bomba la maji la inchi moja na nusu, ambalo kwa nje lina milimita 48.3, ni nene, na linapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Asilitumie kwa sababu bomba la maji limetengenezwa libebe maji. Mara nyingi lina mshono wa urefu wake wote, hakuna aliyekuandikia chuma chake kina nguvu gani likivutwa, na likiwa limepakwa zinki, zinki hiyo ikiungua hutoa moshi mbaya na kuchafua kazi ya kuchomelea. Chuma cha upinde kinatakiwa kijikunje na kumeza kishindo, kisipasuke. Wapo wanaosifu aloi ya kromu na molibdeni kwa wepesi wake. Ni nzuri, ila inadai mkono makini zaidi, na kwa gari la barabarani mimi ningebaki na chuma cha kawaida chenye cheti.

Kulipinda nako kuna adabu yake. Mafundi wa zamani walijaza bomba mchanga, wakaziba ncha, wakalipasha moto hadi likawa jekundu, wakalizungusha. Kwa geti au kitanda cha chuma, hiyo ni kazi safi. Kwa upinde, kanuni zinataka bomba lipindwe likiwa baridi, nusukipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, na bomba lisibonyee likapoteza uduara wake. Pitisha kiganja upande wa ndani wa kona. Ukihisi mikunjo midogo midogo, hapo ndipo litakapokunjikia siku ya siku.

Lakini utamu wa kazi uko kwenye maungio. Ncha ya bomba moja hukatwa kwa mbonyeo ili ikae juu ya uduara wa jingine bila pengo. Fundi analikata, analijaribisha, analitoa, analipiga tupa kidogo, analirudisha, hadi mwanga wa tochi usipite. Kisha anasugua rangi na mafuta mpaka chuma king'ae. Anapowasha mashine ya argoni anaacha kuongea. Mkono mmoja umeshika ncha ya tungsteni, mwingine waya wa kujazia, mguu uko kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza moto. Kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kinasogea milimita kwa milimita, naye anakisoma: kikitandaa na kuzishika kingo zote mbili, moto umeingia, kikikaa juu juu kikavimba, hakijashika. Mashine ya waya pia hutoa kazi salama mikononi mwa anayejua. Mashine ghali haimwokoi asiyejua.

Tatizo kubwa ni paa. Katika gari lenye paa, tuseme Subaru Impreza, upinde unatakiwa ulikaribie paa kabisa, na upande wa juu wa kila ungio hubaki mahali ambapo hapapiti hata kidole. Mvivu anachomelea robo tatu ya mzunguko, anapaka rangi, anakabidhi funguo. Fundi halisi anatoboa sakafu chini ya miguu ya upinde, anaushusha wote hadi nafasi ipatikane juu, anachomelea maungio ya juu mzunguko mzima, kisha anaunyanyua tena na kuyaziba matundu kwa pleti ambazo sasa ndizo upinde utakazokanyaga. Saa chache za kazi zinageuka kuwa siku. Kitambaa cha paa kikirudishwa, mteja hataiona tena sehemu hiyo.

Wapo mafundi ambao kabla ya kuligusa gari huchomelea vipande viwili vya bomba lilelile, wakavibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo hadi viachane. Chuma kikichanika pembeni mwa mshono, mashine imepangwa sawa. Mshono wenyewe ukibanduka, wanaanza upya. Halafu huiacha mishono ya upinde kama ilivyotoka motoni. Kwenye mageti tumezoea mshono kusagwa, kupakwa puti, kisha rangi, na jirani akasifu ulaini wake. Kwenye upinde, mshono uliosagwa humfanya mkaguzi akunje uso: umepunguzwa unene, na hausomeki tena.

Mengine yanasemwa haraka. Miguu isisimame juu ya bati tupu: FIA hutaka kila mguu wa upinde mkuu uwe na pleti ya angalau sentimita za mraba 120, unene wa milimita 3, na bolti tatu za M8 zenye alama 8.8 kichwani. Sakafu ikiwa imeliwa na kutu, tibu kutu kwanza. Bomba la mshazari usikubali kuliacha kwa sababu eti linaziba mizigo. Upinde bila mshazari huyumba na kulala upande kama kitanda cha kamba kilicholegea miguu. Na mikanda ya mbio, ile ya mabegani, isinunuliwe peke yake. Mkanda wa kawaida humwacha dereva ainame pembeni paa likibonyea. Mikanda ya mbio humshikilia wima, kichwa kikalingojea paa. Upinde, kiti na mikanda hununuliwa kwa pamoja.

Mtu asidhani wakubwa wa mbio za magari waliujua umuhimu wa upinde tangu zamani. Pinde zililazimishwa katika Formula One mwaka 1961 tu, na nyingi za wakati huo zilikuwa fupi kuliko kichwa cha dereva. Julai 2022 pale Silverstone, Uingereza, gari la dereva Zhou Guanyu lilipinduka mwanzoni mwa mashindano na upinde wake ukavunjika, ingawa ulikuwa umefaulu vipimo vya maabara. Kilichomwokoa ni ile halo, fremu iliyo juu ya kichwa ambayo ilianza kutumika 2018. Mwaka uliofuata kanuni zilibadilishwa, kilele cha upinde kikatakiwa kuwa cha mviringo zaidi kisichimbe lami. Nguvu peke yake haikutosha. Umbo nalo lilikuwa na neno.

Huku kwetu tuna urithi wa kutosha kuielewa kazi hii. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake kwa miongo mingi yalikuwa ndugu wa magari ya dukani. Joginder Singh alishinda 1965 akiwa na Volvo, kisha 1974 na 1976. Mbio hizo zilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, kule Naivasha, na kila mwaka mashabiki hujaa kando ya vumbi kutazama vioo, magurudumu na matope. Ningewashauri siku ya maonyesho wainame kidogo, wachungulie ndani, watazame mahali mabomba yanapokutana.

Nawe unayetaka kuliingiza gari lako la kila siku uwanjani, usiulize bei kwanza. Nenda na tochi na kioo kidogo cha mkononi, uombe kuona kazi ambayo bado haijapakwa rangi, na ukipeleke kioo juu ya ungio la paani. Mshono ukiwa umezunguka bomba lote, mlipe huyo fundi anachotaka. Kama haujazunguka, chukua funguo zako uondoke.