Pete ya kuvutia gari la spoti haikuundwa kukwamulia

Gari la spoti likizima barabarani, hasara kubwa mara nyingi haitokani na kilichozimisha injini. Inakuja baadaye, kamba inapofungwa. Kwenye pikapu au lori pete ya kuvutia iko wazi, imefungwa kwenye chesisi, na kila mtu anaiona. Kwenye Porsche 911 ya kizazi cha 997, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2004, pete hiyo ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, hulala ndani ya mfuko wa vifaa na kufungwa pale tu inapohitajika. Kwa kuwa ni chuma kinene chenye tundu, wengi huichukulia kama kulabu ya kuhimili lolote. Sivyo. Imeundwa kwa kazi moja finyu: kuongoza gari ambalo magurudumu yake yanazunguka bila kizuizi, kwa mstari ulionyooka na mwendo wa taratibu. Ukiikubali kazi hiyo, kila hatua ya kuitumia inajieleza yenyewe.

Shida ya kwanza ni kuipata. Injini ya 911 iko nyuma, hivyo buti liko mbele, na mfuko wa vifaa umo humo pamoja na betri. Boneti nayo hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa kabisa, pete inabaki imefungiwa pamoja na kitu kilichosababisha ihitajike. Hapo ndipo watu hushika bisibisi na kuanza kubandua, ilhali waliolibuni gari hili waliacha njia. Kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho pembeni mwa sehemu ya miguu kuna ncha ya chanya inayovutwa nje kidogo. Unaunganisha hapo waya wa chanya kutoka betri nyingine, na wa hasi kwenye chuma kitupu cha fremu ya mlango, kile kisichopakwa rangi. Umeme huo ni wa kufungulia kufuli ya boneti tu, usijaribu kuwashia injini. Pete ikishapatikana, tafuta kwenye bampa kifuniko kidogo chenye rangi ya gari. Bonyeza ukingo wake mmoja, ule wa pili utainuka, ukivute polepole ili usikate ukanda wa plastiki unaokishikilia. Nyuma yake kuna tundu lenye hesi. Bampa unayoiona ni ganda la plastiki, na tundu hilo limeshikamana na boriti iliyo nyuma ya ganda. Hesi yenyewe ni ya kushoto: pete hukazwa kwa kuizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Aliyezoea bolti za kawaida huizungusha kulia, akaona haishiki, akaongeza nguvu, na hesi za mwanzo zikaumia kabla hata kamba haijaletwa.

Kukaza hadi mwisho si urembo. Pete inapofika mwisho, bega lake hukalia uso wa tundu na kusaidia kupokea nguvu za pembeni. Ikibaki nje mizunguko michache, hesi peke yake ndiyo inayobeba, na shina lililochomoza zaidi huwa wenzo mrefu zaidi. Tuseme kamba inavuta kwa kilonyutoni 7 ikiwa imekaa pembe ya digrii 30 na mstari wa gari. Nusu ya nguvu hiyo inakwenda ubavuni. Kwenye shina la sentimita 10 hiyo ni nyutonimita 350, wakati bolti za magurudumu za gari hilohilo hukazwa kwa nyutonimita 130. Ndiyo maana pete hizi hupinda badala ya kukatika, na iliyopinda ndani ya tundu haitoki tena kwa urahisi. Kaza kwa mkono, kisha pitisha mpini wa spana ya magurudumu kwenye tundu la pete na umalizie.

Fundi mzoefu atapinga, akisema kwamba chuma hicho kinabeba tani nzima, na ameshavuta magari mengi kwacho. Yuko sahihi nusu tu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1005/2010, iliyotumika hadi mwaka 2022, ilitaka kila pete ya kuvutia ihimili nguvu tuli sawa na angalau nusu ya uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari. Kwa gari la kilo 1,800, hiyo ni kilo 900. Lakini neno la kuzingatia ni tuli, na jaribio lenyewe lilifanywa kwa mstari wa urefu wa gari. Sasa chukua pikapu ya kilo 2,000 inayoondoka na kamba iliyolegea, ikafika kilomita 7 kwa saa kamba inapokazika, na gari la nyuma limezama kwenye tope. Nishati yake ni takriban jouli 3,800. Kamba ikirefuka sentimita 30 tu kabla ya kila kitu kusimama, nguvu ya wastani ni kama uzito wa kilo 1,300, na kilele chake kinaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Pete iliyovuta magari mengi salama ilivuta yale yaliyokuwa yanaviringika. Hata kwenye mashindano, ambako magari hutolewa kwenye mchanga kila wiki, Kiambatisho J cha FIA kinadai pete za mbele na nyuma zinazoonekana wazi, zilizopakwa njano, nyekundu au rangi ya chungwa, na kinaongeza kwamba zitumike tu ikiwa gari linaweza kwenda bila kizuizi.

Wapo wanaosema: basi funga kamba kwenye mikono ya sasipensheni. Kwenye 911 mikono hiyo ni ya aluminiamu. Huenda gari likatoka, lakini likaanza kuvuta upande mmoja na kula matairi. Gari lililozama linyanyuliwe au lichimbuliwe kwanza mpaka magurudumu yawe huru, ndipo pete ifanye kazi yake. Wakati wa kulipandisha kwenye gari la kubebea, weka mbao chini ya magurudumu ya mbele kupunguza mwinuko, maana pua ni ya chini na kamba ya winchi itakata ukingo wa bampa. Winchi ivute polepole bila kusita, swichi ikiwa imewashwa ili usukani usijifunge, na anayeshika breki ajue kwamba bila injini pedali itakuwa ngumu.

Baadhi ya wenye magari hutatua tatizo la kuitafuta kwa kuiacha imefungwa siku zote. Kwenye uwanja wa mashindano ni sawa. Mjini, mguso mdogo wa kuegesha ambao ungeishia kwenye ganda la plastiki hupita moja kwa moja hadi kwenye boriti, na mtembea kwa miguu hukutana na chuma. Afadhali itolewe kwenye mfuko wa mbele na kuwekwa kwenye kisanduku cha dashibodi, mahali panapofunguka hata betri ikiwa imekufa.