"Mmoja wa Wazee": Juu ya Picha za Siku ya Mashujaa

Kila inapofika tarehe 25 Julai hutujia picha zile zile. Ya kwanza ni ya kiongozi akiweka mkuki na ngao kwenye mnara. Ya pili ni ya gwaride, iliyopigwa kwa mbali ili mistari ya askari ionekane imenyooka. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonishughulisha hata nikaandika haya, ni ya wazee waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, vifua vimejaa nishani, na mbele yao mgeni rasmi ameinama kidogo kuwapa mkono. Maelezo yake aghlabu huwa ya namna hii: Mkuu wa Mkoa (na hapo hutajwa jina lake kamili) akisalimiana na mmoja wa wazee waliopigana vita.

Tuyatazame maneno hayo kama tunavyoutazama mshororo wa shairi. Kitenzi ni "kusalimiana", na kauli ya kutendana inatuahidi watu wawili walio sawa katika tendo, mkono kwa mkono. Lakini mwenye jina ni mmoja tu. Wa pili ni "mmoja wa". Sarufi imempa mzee haki yake, na mwandishi wa maelezo ameipokonya katika sentensi ile ile.

Nimeichagua Kalangalala, kata iliyo katika mji wa Geita, iwe mfano wangu, kwa kuwa sisi wa pwani na visiwani tunaijua Geita kwa picha za aina moja: shimo la mgodi, malori makubwa, kofia ngumu na wachimbaji wadogo waliopakaa vumbi. Dhahabu imeziba kila kitu kingine. Mwaka 1978 Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza (mkoa wake wenyewe haukuzaliwa hadi 2012), na vita havikuwa mbali. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ilidondosha mabomu Mwanza, ng'ambo ya pili ya ghuba. Yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliohifadhiwa pale. Wanamgambo walikusanywa kwa maelfu kutoka vijiji vya nchi nzima ili kulikuza jeshi. Kijana aliyeondoka kwao na umri wa miaka 20 sasa anakaribia 70. Huyo ndiye anayeketi chini ya turubai.

Sasa tutazame namna anavyopigwa picha. Mpiga picha amesimama, mzee amekaa; kwa hiyo jicho la kamera linamtazama kutoka juu, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. Jua la asubuhi limekwisha kuwa kali, turubai ni jeupe, mzee amevaa kofia au bereti. Kamera huupima mwanga wa turubai na kuufanya uso kuwa kiza. Kinachobaki kikimeta ni nishani. Hivyo tunapata picha ya kifua kisicho na uso, na uso ndio ulioonekana Kyaka na Mutukula. Dawa ya hayo haihitaji mtambo wa bei. Mpiga picha apige goti, amgeuze mzee kidogo kuelekea mwanga, na asubiri. Kusubiri ndiko kunakokosekana, maana mgeni rasmi anahamia kiti cha pili na kamera zote zinamfuata.

Ajabu ni kwamba sherehe yenyewe ina adabu kuliko picha zake. Katika maadhimisho ya kitaifa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Shoka ni chombo cha kazi kabla ya kuwa silaha. Ndicho kinachofyeka njia. Kwa muda wa hatua zile chache, mzee si wa kusalimiwa wala kuhurumiwa: ana tendo lake, na uwanja mzima unamngoja. Kama ningekuwa mhariri wa picha, hiyo ndiyo ningeiweka ukurasa wa mbele, na mkuki ungengoja ndani.

Desturi ya kumkumbuka mpiganaji bila jina haikuanza na magazeti yetu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, pamoja na Kiingereza. Yanawasifu askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na hayamtaji hata mmoja. Wapagazi wale wametuachia jina la Kariakoo, ambalo ni la kikosi chao. Majina yao wenyewe hatunayo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa makumi ya maelfu ya waliokufa, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao wa Ulaya. Tuliisoma habari hiyo kwa hasira, na hasira ilikuwa ya haki. Julai iliyofuata tukaandika tena "mmoja wa wazee".

Na hilo linatia uchungu zaidi kwa watu wenye utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, aliwataja watu kwa majina. Abdul Karim bin Jamaliddini alifanya vivyo hivyo kwa Maji Maji. Henry Muhanika alichapisha utenzi wake wa Vita vya Kagera mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Kampala kuanguka. Mtunzi wa utenzi hujitaja hata yeye mwenyewe mwishoni, ili msomaji ajue nani anamsimulia. Kamera imekuja kwetu na uwezo ambao mtunzi hakuwa nao, wa kutuonyesha kila kunyanzi la uso, kisha ikaacha lile ambalo mtunzi hakuliacha kamwe.

Yuko atakayesema kuwa mzee asiye na jina anawawakilisha wote, na kwamba kumtaja mmoja ni kuwaonea wengine. Hoja hii ningeiheshimu kama ingetumika kwa kila mtu uwanjani. Majenerali hawakuambiwa hivyo. David Musuguri, aliyejiunga na jeshi la KAR mwaka 1942 na kufariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, aliitwa Jenerali Mutukula. Silas Mayunga aliitwa Mti Mkavu. Wana haki na majina hayo, tena ni majina mazuri. Lakini viongozi wa vita ile wana majina mawili mawili, ilhali waliotembea kwa miguu nyuma yao hawana hata moja.

Simlaumu mpiga picha peke yake. Analipwa kwa picha ya mgeni rasmi, na ofisi inaingoja kabla ya adhuhuri. Hata hivyo, daftari la mfukoni halina uzito. Dakika moja ya kimya inapokwisha na tarumbeta kunyamaza, wakati watu wanahamia kwenye soda, wazee hubaki wamekaa wakingoja gari. Huo ndio wasaa wa kuuliza: jina lako nani, ulikuwa kikosi gani, ulivuka Mto Kagera lini? Na mzee apewe nakala ya picha yake iliyochapwa, maana iliyomo katika simu ya mtu mwingine haimfikii, wala haitawafikia wajukuu wake siku watakapoitafuta.

Kisha maelezo yaandikwe upya kwa mpangilio mwingine. Jina la mzee litangulie, na la baba yake. Lifuate kijiji alikotoka, kisha mahali alipopigana, kisha "akisalimiana na Mkuu wa Mkoa, Kalangalala, tarehe 25 Julai". Mkuu wa Mkoa hapungukiwi na kitu. Bado amo katika picha, na mkono wake bado umeshikwa.