Mhandisi Mkuu na Chumba Chake

Toyota ina cheo ambacho mgeni atadhani kimepangwa vibaya. Mhandisi mkuu hukabidhiwa gari zima: nani atalinunua, litakuwa na uzito gani, litagharimu kiasi gani, litoke lini. Likishindwa, lawama ni zake. Lakini wasanifu wa bodi si watu wake, wa injini si watu wake, wa breki vilevile. Kila mmoja ana bosi katika idara yake. Mhandisi mkuu ana wasaidizi wachache, hoja zake, na miguu ya kuzungukia ofisi za wengine.

Utaratibu huo ulianza na Nakamura, aliyeongoza usanifu wa Crown ya 1955. Baadaye akaja Tatsuo Hasegawa, aliyewahi kusanifu ndege. Kwa Corolla ya 1966 aliweka kanuni: gari lipate walau alama 80 kwa 100 katika kila jambo, kisha lizidi hapo katika machache yaliyochaguliwa. Inasikika nyepesi. Lakini kila msanifu hodari anataka kipande chake kipate 100, na 100 ya mwenye breki hulipwa kwa uzito na fedha za mwenye viti. Kumzuia mmoja bila kumvunja moyo, huku ukimkatalia mwenzake kubaki kwenye 60, kunahitaji busara ambayo sijaona kazi nyingine ya kiwandani ikiidai kwa kiwango hicho.

Anayenivutia kuliko wote ni Takeshi Uchiyamada. Alipopewa mradi wa G21, uliokuja kuzaa Prius, hakuwa amewahi kuongoza usanifu wa gari lolote. Alibobea katika kelele na mtetemo. Mradi wenyewe ulichanganya injini ya petroli, mota za umeme, betri, na kompyuta ya kuamua kipi kivute na wakati gani. Mwanzoni walilenga umbali kwa lita uongezeke kwa nusu. Wakuu wakataka uwe maradufu.

Uchiyamada hakujifanya anajua yote. Aliwakusanya wataalamu katika chumba kimoja kikubwa, obeya kwa Kijapani, wakafanya kazi pamoja. Faida yake huonekana kwenye mambo madogo. Betri inataka hewa ya kuipoza. Hewa inataka njia. Njia inakula nafasi ya mizigo. Kila idara ikikaa kwake, suala kama hilo huzunguka kwenye barua na vikao, na kila likirudi limeongezewa sharti. Chumbani, mwenye betri na mwenye bodi husimama mbele ya mchoro mmoja wakabishana kwa kalamu, mwenye kupiga hesabu za gharama akiwa anasikia.

Mwishoni mwa 1995 gari la kwanza la majaribio lilikuwa tayari, likagoma. Lilikaa siku 49 bila kwenda. Katika hali kama hiyo timu nyingi husambaratika: wa umeme huwalaumu wa programu, wa programu huwarudishia, na kiongozi mwenye hofu hutafuta wa kumtoa kafara. Timu ile ilibaki juu ya gari mpaka likasogea mita mia chache. Baada ya hapo betri ziliendelea kuwasumbua kwenye joto kali na baridi kali, huku rais wa kampuni, Hiroshi Okuda, akitaka gari litoke mwaka mmoja kabla ya ratiba. Desemba 1997 Prius iliingia sokoni Japani, ikiwa imepimwa kilomita 28 kwa lita kwa kipimo cha nchi hiyo.

Toyota ikaifanya obeya kuwa sehemu ya miradi yake mingine. Na suala lile la hewa ya betri halikuishia chumbani: magari ya haibridi yaliyotumika Japani huteremshwa Mombasa, na fundi anayeyajua hukagua kwanza tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma. Huondoa vumbi kwenye feni, kisha humwambia mwenye gari asirundike mizigo hapo, kwa sababu betri inapumulia humo.