Kiwango cha Sauti na Haki ya Santuri Zetu

Wapo wasikilizaji, na baadhi yao ni wanafunzi wa sekondari, wanaodai kwamba bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zilipiga muziki wa kukwaruza. Dai hilo tumelisikia mara nyingi hapa Chato, mwaloni na katika mabasi ya kwenda Geita, ambako nyimbo za Morogoro Jazz na NUTA Jazz hupigwa kutoka katika simu. Sisi tunaona kwamba hukumu hiyo imemwangukia asiyehusika. Kinachokwaruza si saksafoni ya mpigaji, bali ni kazi ya mtu aliyeihamishia santuri katika kompyuta bila kupima kiwango cha sauti.

Hebu tutazame jinsi nyimbo hizo zilivyojengwa. Wimbo wa dansi aghalabu huanza polepole, waimbaji wakieleza kisa; kisha huja chemko, magitaa yakafumana na saksafoni zikapanda juu. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kuubeba wimbo mrefu kwa upande mmoja, hivyo mara nyingi uligawanywa katika pande mbili. Mhamishaji mwenye haraka hupima upande wa kwanza tu, akakipandisha kiwango hadi ukingoni. Chemko lifikapo, sauti haina pa kwenda. Utepe wa sumaku ulipojazwa kupita kiasi uliharibu sauti kidogo kidogo. Kompyuta haina huruma hiyo. Juu ya desibeli sifuri hukata vilele vya mawimbi, na kilichokatwa hakirudi hata sauti ikipunguzwa baadaye.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa halisikiki kama kosa. Kila upande hupandishwa peke yake hadi kileleni, na utangulizi wa upole ukapewa nguvu sawa na chemko. Hapo mtunzi amenyang'anywa mpango wake, naye Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, hawezi kuja kulalamika.

Yafaa santuri isafishwe, maana mlio wa chembe moja ya vumbi waweza kuupita muziki wote na kudanganya kipimo. Kisha upande wenye chemko upigwe kwanza, kilele chake kiachwe kama desibeli 6 chini ya sifuri, na kiwango hicho kitumike pande zote mbili. Je, sauti haitakuwa ndogo? Itakuwa ndogo kidogo, na msikilizaji atazungusha kitasa. Ikinaswa kwa biti 24, nafasi hiyo haipotezi chochote kinachosikika.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wauchambue wimbo wa namna hiyo hana budi kuuliza kwanza nakala yake ilinaswa vipi. Na kama santuri yenyewe ingalipo nyumbani kwa mzee fulani, aende akaisikilize kabla ya kuandika swali ubaoni.