Kumsoma Liyongo ukiwa Garsen

Ukisomea sekondari Kenya, lazima utakutana na Fumo Liyongo. Yuko kwenye sura ya fasihi simulizi, chini ya mighani, jirani yake ni Lwanda Magere wa Waluo. Mwalimu anaandika ubaoni sifa za jagina: ana nguvu zisizo za kawaida, ana siri moja inayoweza kumwua, anasalitiwa na mtu wa karibu. Unanakili, unakariri, mtihani unapita, basi. Liyongo anabaki kwenye daftari pamoja na ngeli za nomino.

Mimi pia nilimsoma hivyo hivyo, mwaka 2011, nikiwa kidato cha pili katika shule moja ya huku kwetu Tana Delta. Tofauti ni kwamba dawati langu nilikaa na msichana wa Kiorma. Mwalimu alipofika pale Wagalla wanapokuja Pate, darasa likacheka kidogo, unajua vile darasa hucheka. Mwenzangu akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa, hao si ni sisi?"

Sikumjibu. Mimi ni Mpokomo, na nilijifanya naandika. Makala haya ni jibu langu, limechelewa miaka mingi.

Ndiyo, ni nyinyi. Galla ni jina ambalo Waoromo waliitwa na majirani na wageni, na wenyewe hawakulipenda. Waorma wa Tana River ni Waoromo. Wamishonari wa Kimethodisti waliofika Golbanti, mwendo mfupi kutoka Garsen, miaka ya 1880, walilitumia jina hilo hilo bila wasiwasi. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alilitumia kwa sababu ndilo lililokuwa midomoni mwa watu wa pwani. Yeye simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi wa leo, tunaolichapa na kulisoma kwa sauti mbele ya watoto wa Kiorma bila hata sentensi moja ya maelezo, kama kwamba hao Wagalla walikuwa watu wa ngano, wako huko na majini na mazimwi.

Kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza unaloliona ukimsoma Liyongo ukiwa Garsen: hakuna chochote ndani yake kilicho mbali. Shaka, mji wake Liyongo, ulikuwa upande wa Kipini, pale Tana inapoingia baharini. Magofu ya Ungwana yako huko huko. James Kirkman aliyachimba na kuyaandikia kitabu kilichotoka 1966. Kaburi la Liyongo watu husema liko Ozi, na Ozi ni kijiji chenye watu, embe na mpunga. Hata ule mti ambao maadui walipanga kumwulia juu yake ni mkoma. Mwanafunzi wa Nairobi huuliza mkoma ni mti gani. Sisi makoma tumeyatafuna hadi meno yakauma, na mikeka ya majani yake imo ndani ya nyumba zetu.

Sasa hebu tukirudie kisa polepole, kwa sababu nadhani darasani tulikisoma vibaya.

Wagalla wanafika Pate kufanya biashara. Sultani anawasifia Liyongo. Wanataka kumwona, anaitwa, anakuja na mkoba wake, na vitu vinavyotoka ndani ya ule mkoba vinawaacha midomo wazi. Wanaomba mbegu yake. Liyongo anaozwa msichana wa Kigalla, na mtoto wa kiume anazaliwa. Hapo ndipo sultani anapoanza kuogopa. Mtu mwenye nguvu hivi, mwenye haki ya ufalme, na sasa ana wakwe bara wenye wapiganaji wao: huyo atanibakishia nini?

Jaribio la kwanza anawatuma Wadahalo, Waboni na Wasanye, watu wa msituni ambao Liyongo alikuwa ameishi nao kama ndugu. Wanaahidiwa fedha. Mpango wao ni kula kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande awachumie wenzake, na zamu ya Liyongo ikifika, wampige mishale akiwa juu. Zamu inafika. Liyongo hapandi, anayaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Baadaye anafungwa gerezani Pate. Mama yake, Mbwasho, anamtuma kijakazi Saada na mkate wa wishwa wenye tupa ndani, naye anakata minyororo huku ngoma ya gungu ikivuma nje. Mwisho sultani anamgeukia mtoto. Anamwahidi mke na cheo. Mtoto anakwenda kumuuliza baba yake: ni kitu gani kinaweza kukuua? Baba anamjibu. Sindano ya shaba, kitovuni.

Kwenye daftari langu niliandika "usaliti wa mwana" na nikapigia mstari. Leo ningeandika kitu kingine. Hebu angalia nani analipa. Tangu mwanzo hadi mwisho, fedha na ahadi zinatoka mahali pamoja: jumba la Pate. Sultani hashiki upinde hata mara moja. Anatumia watu wa msituni, ambao leo ukiwatafuta utawaita Waaweer na Waata na utawakuta ni wachache na hawana ardhi. Halafu anatumia mtoto aliyezaliwa na pande mbili. Na anapomaliza naye, hampi alichomwahidi. Yule kijana anakufa bila mke wa kifalme, bila cheo, bila baba.

Huu si utendi wa nguvu. Nguvu za Liyongo ni mapambo tu, zile panda anazopuliza zikapasuka, ule mkoba wenye kinu na mchi. Chini yake kuna kisa cha mtu mwenye kiti ambaye anaona majirani wanaanza kuoana, anatishika, na anatafuta yule aliyesimama katikati ili awe kisu chake.

Nilianza kukiona hivi baada ya 2012. Tarehe 22 Agosti mwaka ule, kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu wapatao 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma, ikawa Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Disemba ikawa Kipao. Kufikia mwanzo wa 2013 waliokufa katika delta yetu, Waorma na Wapokomo, walikuwa zaidi ya 100. Redio zilisema wafugaji na wakulima wanagombania maji na malisho. Hilo ni kweli: malka, njia za kupeleka ng'ombe mtoni, zinapita kwenye mashamba, na mashamba yanasogea hadi kwenye malka. Lakini ugomvi wa malka ni wa zamani, na wazee wana namna zao za kuumaliza, kwa vikao na kwa faini. Uchaguzi ulikuwa unakuja Machi, na sokoni Garsen watu walinong'ona kwamba kuna mkono mwingine nyuma ya haya. Sitataja mkono wa mtu, mimi si tume. Ninachosema ni kwamba watu wa sokoni, ambao wengi hawajawahi kuushika utendi wa Kijumwa, waliuliza swali ambalo darasa letu halikuuliza: nani analipa?

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, dawati langu lilikuwa na nafasi tupu. Mwenzangu na jamaa zake walikuwa wamehama. Sikujua walikwenda wapi na sikuwa na namba ya simu. Nilikaa peke yangu hadi tukafunga shule.

Najua mtu aliyesomea fasihi atanipinga. Ataniambia: kijana, utendi huu hauhusu Waorma. Unahusu siasa za Pate na miji ya pwani, unahusu nani ana haki ya kurithi. Wagalla wamo kidogo tu, na Wapokomo, waliokuwa wakilima kingo za mto huo huo, hawana hata sehemu. Atanikumbusha kwamba tunaongea kuhusu beti mia mbili na thelathini na kitu, na utendi wa urefu huo hauwezi kumpa kila mtu nafasi. Pia atasema ninalazimisha maiti za 2012 ziingie kwenye kazi ya 1913.

Hoja ya urefu siikubali, na sababu ni Saada. Kijumwa alipata nafasi ya kumpa jina kijakazi anayebeba mkate. Alipata nafasi ya kumpa jina Mbwasho, na akampa mojawapo ya sehemu nzuri kuliko zote: Liyongo amechomwa, amepiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, amekufa hivyo hivyo, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji kwa sababu hakuna anayejua kama bado yu hai. Mama yake ndiye anayeletwa kumbembeleza. Nikiisoma sehemu hiyo hadi leo nywele zinanisimama. Mji una kiu, na mwanamke mzee anaongea na mwanawe ambaye hamjibu.

Lakini kuna mama wa pili katika kisa hiki. Ni yule msichana wa Kigalla aliyeozwa ili watu wake wapate mbegu. Yeye ndiye mjane wa Liyongo. Yeye ndiye mama wa muuaji. Kwa mkupuo mmoja amempoteza mume na, muda si muda, amempoteza mtoto. Hakuna mtu katika utendi mzima aliyefiwa kuliko yeye, na hana jina. Haulizwi lolote. Hatujui alimlea vipi yule kijana, alimfundisha lugha gani usiku, alimwambia nini siku alipoondoka kwenda kwa baba yake akiwa na sindano nguoni. Kijumwa alijua kuandika majonzi ya mama. Mbwasho ni ushahidi. Kwa mama huyu kalamu yake haikusimama.

Hiyo kwangu ndiyo kasoro kubwa ya kazi hii, na naisema nikiwa naipenda. Utendi unamtaka Mgalla kwa tumbo lake na kwa wapiganaji wa kaka zake. Ukishapata mtoto, unamwacha. Na darasa letu, kwa kucheka pale kidogo, lilimwacha vile vile.

Ukitaka kujua angekuwa nani, njoo Garsen siku ya soko. Kina mama wa Kiorma huja na maziwa. Kina mama wa Kipokomo huja na ndizi, mchele na embe. Wanapunjana, wanakopeshana, wanaitana majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Lugha zinachanganyika hadi hujui sentensi ilianzia wapi. Baada ya 2012 soko hilo lilikauka kwa muda, kila mtu akauza upande wake. Walioanza kurudi kwanza, kwa vile nilivyoona, walikuwa hao kina mama, kwa sababu maziwa hayangoji.

Dada yangu mkubwa aliolewa na Mworma. Walikuwa na mtoto mmoja mwaka ule wa vita, miaka mitatu. Usiku mmoja baba mtoto alilala kwetu kwa kuogopa watu wa huku, na wiki iliyofuata dada yangu akalala kwa wakwe kwa kuogopa wa huko. Mtoto walikuwa wakimbeba huku na huku. Nakumbuka jirani mmoja akimwangalia na kusema, kama utani, "Huyu naye tutamhesabu wapi?" Mama yangu alimfukuza uani kwa mwiko.

Mpwa wangu sasa yuko sekondari. Mwaka huu walifika kwenye mighani, akanipigia simu Nairobi. Nilikuwa na mihadhara yangu yote tayari: jumba la Pate, Wadahalo, mama asiye na jina, neno Galla na historia yake. Nikamwambia yote, na yeye akavumilia vizuri tu. Halafu akasema, "Sawa, mjomba. Lakini mimi kitu sielewi ni kimoja. Liyongo alijua huyo mtoto ametumwa, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo. Utendi unaonyesha wazi: baba alishatambua mwanawe amehadaiwa, na bado akamwambia kuhusu sindano.

"Sasa kwa nini alimwambia?"

Nimesoma waliomhakiki Liyongo wakisema ni majivuno, au kwamba jagina lazima afe ndipo awe jagina. Majibu hayo yanatosha mtihani. Kwa mpwa wangu nilisita, kwa sababu nilijua anauliza kama mtoto wa watu wawili. Mwishowe nikamwambia nadhani Liyongo alichoka kuwa mtu ambaye hata mwanawe lazima amche. Alitaka angalau mmoja ajue yote juu yake, aamue mwenyewe.

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia pikipiki, na mtu akiita wateja wa Minjila.

"Mwalimu amesema niandike usaliti," akasema. "Niandike hiyo?"

Nikamwambia aandike hiyo apate alama zake. Halafu chini yake, kwa penseli, aache mstari mmoja wa jina la yule mama. Kama hajalipata, auache mtupu, lakini auchore.