Nairobi Gallery: boma lililojifunza kutundika picha

Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway kuna jengo fupi la mawe lililojengwa mwaka 1913. Halikujengwa kwa ajili ya sanaa hata kidogo. Lilikuwa ofisi ya mkuu wa jimbo enzi za Mwingereza, na humo ndimo watu walimoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Katikati kuna ukumbi wenye kuba, na ukiingia tu unajikuta umeshusha sauti. Nadhani ndivyo lilivyokusudiwa: raia aingie akiwa mdogo.

Siku hizi lipo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ndani yake umewekwa mkusanyiko wa Joseph Murumbi na mkewe Sheila: vitambaa, mapambo, samani, kazi za wasanii wa Afrika. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, miezi michache tu, akaachia ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa hapohapo Nairobi. Vitu ni vizuri, sibishi. Ila vinaonekana kama wageni waliokaribishwa kituo cha polisi.

Na kuna sababu. Murumbi alitaka nyumba yake ya Muthaiga iwe taasisi ya masomo ya Afrika, akaiuzia serikali kwa nia hiyo. Taasisi haikuwa, na nyumba ikaja kubomolewa. Yaani nyumba iliyoishi na sanaa ilianguka, ofisi ya mkoloni ikabaki imesimama, basi sanaa ikahamia huko. Kwangu habari hiyo ni nzito kuliko kinyago chochote kilichomo. Ukitoka nje, jirani unaona Nyayo House, jengo refu ambalo chini yake wapinzani wa serikali waliteswa miaka ya 1980. Mtaa huo haujawahi kuwa na ofisi za upole.

Nayasema haya kwa sababu Biharamulo nasi tuna boma, la Mjerumani. Iringa wameshageuza boma lao la mwaka 1914 kuwa makumbusho, Arusha vilevile walifanya zamani. Ikifika zamu yetu nitaunga mkono, lakini jamani, tusikimbilie fremu. Chumba kimoja kiachwe kitupu, kisimulie kodi na kazi za shuruti. Vingine vipewe vikapu vya akina mama wa Ngara. Halafu tuvuke Rusumo: huko Nyakarambi, Rwanda, wanawake wanatengeneza imigongo kwa samadi ya ng'ombe, sanaa iliyoanzia kwenye kuta za nyumba zao. Tuwaombe waje wafanye ukuta mzima wa boma, kwa samadi ya ng'ombe wa Biharamulo. Hapo kiingilio nalipa mara mbili.